Mbwa wa Njoro na Madaktari wa Ng'ombe

Ukitoka Nakuru kuelekea Njoro, pale Ngata, kuna kasri la mawe lililojengwa na Mwingereza aliyekuwa na pesa kuliko marafiki. Lord Maurice Egerton alianza ujenzi 1938 na kazi haikuisha mpaka 1954. Akakaa ndani miaka minne tu, akafa 1958. Ukilipa kiingilio, anayekutembeza atakupa stori mbili ambazo kila mtoto wa Nakuru anazijua: kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke ambaye baadaye alimkataa, na kwamba tangu siku hiyo alipiga marufuku wanawake na mbwa kukanyaga kwake. Wengine huongeza kuku. Wengine husema palikuwa na bango kabisa, ati mbwa akionekana ni risasi.

Stori ya mwanamke mimi huwaachia wanaokuja kupiga picha za harusi pale bustanini. Ya mbwa ndiyo hunishika, kwa sababu Egerton huyohuyo ndiye aliyetoa ardhi ya kuanzisha Egerton Farm School mwaka 1939, shule ya kuwafunza vijana wa kizungu ukulima. Shule ikawa chuo cha kilimo 1950, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawafungulia Waafrika milango, na 1987 ikawa chuo kikuu. Leo Njoro kuna kitivo kizima cha tiba na upasuaji wa wanyama. Yaani kwenye urithi wa mtu anayesimuliwa kuwa adui wa mbwa, kuna vijana wanaoamka asubuhi kujifunza namna ya kumfungua mbwa tumbo na kumshona tena akaenda nyumbani kwa miguu yake.

Nami nasomea kazi hiyohiyo, niko mwaka wa mwisho. Na kwa miaka hii yote nimekuwa nikijiuliza mbona mbwa alichelewa hivyo kufika mezani.

Anza na neno lenyewe. Sisi huitwa madaktari wa mifugo. Mfugo ni mnyama anayefugwa, na mbwa anafugwa, si ndiyo? Lakini muulize mtu yeyote wa Rongai, Molo au Subukia ana mifugo mingapi. Atahesabu ng'ombe, mbuzi, kondoo, pengine punda na kuku. Mbwa amelala hapo miguuni pake na hatamtaja. Lugha yenyewe imemweka nje ya boma analolilinda.

Hiyo si ajabu kwa mahali kama hapa. Panda Hyrax Hill, nje kidogo ya mji, pale Mary Leakey alipochimba 1937 na 1938, utaona mashimo ya duara ardhini yanayohusishwa na Wasirikwa. Yalikuwa mazizi. Watu waliishi hapa wakiwapangia ng'ombe malazi mamia ya miaka kabla ya reli kufika Nakuru mwaka 1900. (Akina Leakey, kwa njia, walikuwa wapenzi wakubwa wa mbwa aina ya Dalmatian.) Wamaasai nao walikuwa na jina la ugonjwa wa kupe, oltikana, kabla mzungu yeyote hajauweka chini ya darubini. Elimu ya mnyama ilikuwepo. Ilikuwa elimu ya ng'ombe.

Halafu ikaja sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 virusi hivyo vilipita Afrika Mashariki na kuua karibu ng'ombe wote katika sehemu nyingi. Jamii zilizoishi kwa maziwa na damu zikabaki na ngozi. Muongo mmoja baadaye walowezi waliingia Bonde la Ufa wakaona nyika tupu, wakasema haina mwenyewe. Mkataba wa 1904 ukawahamisha Wamaasai hadi Laikipia, na Lord Delamere akapata ekari 100,000 pale Njoro.

Delamere alileta kondoo wa Merino kutoka New Zealand na ng'ombe wa gharama kutoka Uingereza. Wakafa. Wengine waliuawa na magonjwa ya kupe na ya mapafu, lakini wengine walikonda tu huku wamesimama kwenye nyasi ndefu. Inasimuliwa kwamba Wamaasai hawakupenda kukalisha mifugo yao sana sehemu hizo, na waliojua sababu ndio haohao walioondolewa. Baadaye sayansi ilieleza: udongo wa volkeno wa huku una upungufu wa kobalti, madini ambayo vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe huhitaji ili kutengeneza vitamini B12. Mnyama anakula anashiba, na bado anakufa njaa. Ugonjwa huo uliingia kwenye vitabu vya tiba kwa jina la Nakuruitis. Mji wetu una ugonjwa wake, na watu wachache sana wa hapa wanajua.

Delamere alihamia Soysambu karibu na Elmenteita akaanza upya. Serikali ya kikoloni ikapata somo: bila daktari wa mifugo, hakuna nchi ya mzungu. Maabara ya Kabete, shamba la mifugo la serikali Naivasha, sheria za karantini, majosho, vyote vilijengwa juu ya hofu hiyo. Ukitaka kuona jinsi kazi hiyo ilivyokuwa nzuri, angalia mwaka 1930. Kwenye shamba moja karibu na Ziwa Naivasha wanakondoo walianza kufa na kondoo wenye mimba wakawa wanaharibu. Robert Daubney na wenzake walifuatilia mpaka wakapata virusi vipya vinavyobebwa na mbu, na 1931 wakaitangazia dunia homa ya Bonde la Ufa. Baadaye kule Muguga, karibu 1960, Walter Plowright alitengeneza chanjo ya sotoka iliyosaidia kuumaliza ugonjwa huo kabisa. 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka haipo tena. Baada ya ndui, huo ndio ugonjwa wa pili binadamu amewahi kuufuta. Wanakemia wa London hawakuweza. Ilifanyika hapa, karibu na barabara unayopita ukienda Nairobi.

Kwa hiyo sidharau hata kidogo elimu ya ng'ombe. Ila nataka uone ilivyopima mnyama: kwa maziwa, nyama, ngozi, pamba. Na hiyo haikuwa hesabu ya wakoloni wa Kenya peke yao. Shule ya kwanza ya tiba ya wanyama Ulaya ilifunguliwa Lyon, Ufaransa, na Claude Bourgelat baada ya amri ya mfalme ya 1761, wakati sotoka hiyohiyo ilikuwa ikimaliza ng'ombe wa Wafaransa. Bourgelat mwenyewe alikuwa mtu wa farasi. Chuo cha London kilichofuata 1791 nacho kilikuwa cha farasi. Kwa zaidi ya karne moja, daktari aliyeshika mbwa alionekana kama mtu aliyekosa kazi ya maana. Kilichobadilisha mambo ni gari. Farasi walipotoka barabarani mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wa mijini walijikuta na vyumba vya upasuaji na hakuna mgonjwa, wakaanza kumtazama mbwa na paka kwa macho mapya.

Sisi tulirithi shule kabla ya hayo mageuzi kukolea. Mafunzo ya Afrika Mashariki yalianzia Makerere, na 1962 yakahamia Kabete kama kitivo cha shahada. Vijana wa Kiafrika walioingia walikuwa na kazi inayowasubiri: wilaya, landrova, karantini, chanjo, uhimilishaji. Kituo cha mbegu za madume cha Kabete kilikuwa kimeshaanza 1946. Taifa changa lilitaka maziwa. Nani angemuuliza daktari wa wilaya kuhusu mbwa?

Jibu ni kwamba aliulizwa, lakini kuhusu kumuua.

Kisa cha kwanza cha kichaa cha mbwa kilichothibitishwa Kenya kilikuwa 1912, mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi. Tangu hapo mbwa aliingia kwenye vitabu vya serikali kama mshukiwa. Fungua Sheria za Kenya uone zilivyopangwa. Ng'ombe ana sheria ya kuogeshwa kwenye josho, Sura ya 358. Wanyama wote wana sheria ya kuzuia ukatili, Sura ya 360. Mbwa ana Sura ya 365, na inaitwa Sheria ya Kichaa cha Mbwa. Anatambulika kisheria kwa jina la ugonjwa wake. Amri ikitoka, mbwa afungwe, asiyefungwa auawe. Waliokulia kwenye mitaa ya Bondeni, Kaptembwo au Free Area watakusimulia asubuhi ambazo watu wa kanjo walipita na mbwa wakabaki wamelala mitaroni, sumu au risasi. Milimani hakuna aliyepita. Huko mbwa walikuwa nyuma ya geti lenye kibao cha MBWA KALI, wana chanjo, wana karatasi, na wana mtu wa kuwapeleka kwa daktari.

Tofauti hiyo ndiyo historia yenyewe. Hata enzi za walowezi kulikuwa na mbwa waliotibiwa na mbwa waliopigwa risasi, na kilichowatenganisha ilikuwa ni geti. Mwenye geti alimlipa daktari. Asiye na geti alitumiwa askari.

Ubaya ni kwamba kuua mbwa hakumalizi kichaa. Ukiwaondoa mbwa kwenye mtaa, chakula kinabaki jalalani, na baada ya miezi michache wamekuja wengine, wachanga, wasio na chanjo hata mmoja. Unakuwa umeondoa wale wenye kinga na kukaribisha wasio nayo. Kinachofanya kazi kinajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa mahali fulani, virusi vinakosa pa kurukia, mnyororo unakatika. Virusi hivi huua watu karibu 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na karibu wote Afrika na Asia. Kenya pekee makadirio ya serikali yamefika watu 2,000 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, hakuna daktari wa binadamu anayeweza kukusaidia. Daktari aliyeweza kukuokoa alikuwa wa mbwa, na ilikuwa mwaka jana.

Mzee mmoja wa Njoro ndiye aliyenifanya nilielewe hili vizuri kuliko kitabu. Tulikuwa kwake kutibu ndama. Akaniuliza, "Kijana, wewe ukimaliza utafanya wapi?"

Nikamwambia nataka kliniki ya mbwa na paka mjini.

"Miaka mitano shuleni, ndiyo uje kutibu mbwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mbwa atakulipa na nini? Hata mayai hana." Wote pale bomani wakacheka, na mimi nikacheka.

Halafu akanyamaza, akaanza kusimulia kuhusu ng'ombe wake aliyekufa miaka michache nyuma. Aliacha kula, akawa anatoa mate mengi, analia sauti ya ajabu. Wakadhani amekwamwa na kiazi kooni. Yeye na mtoto wake wakafungua mdomo wakaingiza mikono, mmoja baada ya mwingine, kutafuta kiazi. Hapakuwa na kiazi. Daktari wa eneo alipofika aliuliza swali moja: kuna mbwa ameingia hapa karibuni? Alikuwepo, wiki kadhaa nyuma, mgeni, akapigana na wa nyumbani, wakamfukuza. Familia nzima ikakimbizwa hospitalini kuchomwa sindano, na sindano zenyewe ni za kurudiwarudiwa kwa wiki kadhaa, na kila safari ni nauli, na dawa ikiisha unaambiwa ukanunue kwingine. "Hiyo pesa," mzee akasema, "ningechanja mbwa wa location yote." Kisha akaniangalia. "Sawa. Wewe fungua hiyo kliniki."

Kliniki za aina hiyo zilianza kuonekana kwa njia ambayo hakuna mtu aliyeipanga. Mwisho wa miaka ya 1980, kwa shinikizo la wakopeshaji wa nje, serikali iliacha kumwajiri kila daktari wa mifugo anayehitimu. Ghafla watu wenye shahada wakajikuta mtaani. Wengi walifungua agroveti: dawa ya kupe dirishani, mbegu za mahindi pembeni, chakula cha kuku mlangoni. Nakuru ni mji wa agroveti. Tembea karibu na stendi utahesabu mpaka uchoke. Na wenye mbwa wakaanza kuja dukani. Kwanza wenye mbwa wa ulinzi, kwa sababu mbwa wa ulinzi ni mali. Halafu watu wa kawaida, na mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu, wakiuliza kama ile dawa ya ndama inaweza kumfaa.

Mara nyingi huyo mtoto wa mbwa ana parvo. Hapa mbwa ana historia yake mwenyewe, changa kabisa: virusi hivyo havikujulikana kwa mbwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1970. Mwaka 1978 viliibuka na kuzunguka dunia nzima kwa muda mfupi wa kutisha. Dawa ya kuviua haipo. Unampa maji kwa mshipa, unazuia kutapika, unamkinga na bakteria, unakaa naye usiku. Tiba ya ng'ombe haikufundishi kukaa usiku kucha kwa ajili ya mnyama wa kilo mbili asiye na bei sokoni. Hiyo ni elimu nyingine.

Upasuaji nao vilevile. Mgonjwa wa kwanza ambaye wengi wetu tunamfungua tumbo ni mbwa jike anayetolewa kizazi. Kwa maelezo ni rahisi: nusukaputi, nyoa, safisha, kata katikati chini ya kitovu, tafuta ovari. Kwa vidole ni kitu kingine. Ovari ya mbwa imefungwa ndani juu, karibu na figo, kwa mshipi mgumu ambao lazima uukatize kwa kuhisi, kwa sababu huuoni. Ya kulia iko mbele zaidi, ndiyo inayotoa watu jasho. Ukivuta kidogo, haiji. Ukivuta sana, unapasua mshipa wa damu. Kisha unafunga fundo, unafunga la pili, unakata, na unashikilia kwa sekunde chache kabla ya kuachia, ukitazama. Fundo likiteleza, damu haimwagiki nje uione. Inajaa ndani kimyakimya. Mwalimu wetu mmoja alikuwa akisimama nyuma yetu bila kusema neno mpaka umekata, halafu anauliza, "Una uhakika?" Na uzi uliotumika kwa miaka mingi kufunga mafundo hayo hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Hata kwenye meza ya mbwa, ng'ombe yupo.

Kisha kuna uvimbe. Mbwa wanaorandaranda huku huja na nyama nyekundu kama koliflawa sehemu za siri, inayotoa damu. Wenyewe husema ameumia. Ni saratani, lakini si kama nyingine: chembe zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa wakipandana. Wanajenetiki wameonyesha kwamba chembe hizo zote zilitoka kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Mbwa huyo alikufa zamani sana, na sehemu ya mwili wake bado inatembea hapa Nakuru. Tiba yake ni vinkristini, dawa iliyotokana na ua la Madagaska, lile la waridi au jeupe ambalo watu hupanda tu mlangoni. Sindano moja kwa wiki, wiki chache, na mara nyingi uvimbe unayeyuka. Nimeona wenye mbwa wakishangaa, maana walikuwa wamemleta alale milele.

Wapo watakaosema hizi ni anasa za watu wa mjini, na nchi ina ng'ombe wa kutibu. Nadhani wanasahau tulipo. Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, na mitaa yake imebanana na uzio wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Kusini, kule Serengeti, mwaka 1994 simba wapatao theluthi moja, karibu 1,000, walikufa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa, na wataalamu waliufuatilia mpaka kwa mbwa wa vijiji jirani ambao hakuna aliyewachanja. Utalii wa mamilioni ulikuwa umening'inia kwenye chanjo ya mbwa wa kijijini asiye na jina.

Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya watu vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Mbwa wa kawaida, asiye na geti, yuko kwenye mpango wa taifa kama mtu wa kuchomwa sindano badala ya risasi. Fedha huja na kukatika. Lakini kila Septemba, kuelekea tarehe 28, siku aliyokufa Louis Pasteur mwaka 1895, sisi wanafunzi hubebwa kwa basi hadi uwanja wa shule fulani ya msingi na masanduku ya barafu.

Wanaoleta mbwa ni watoto. Wazazi wako shambani au hawaamini. Watoto wanakuja wamewafunga kwa kamba ya mkonge, kwa waya wa stima, kwa mkanda wa sweta, mmoja alimbeba wake kwenye mkokoteni wa maji. Mimi mara nyingi nawekwa kwenye meza ya kadi. Kadi ina mistari: mwenyewe, kijiji, rangi, jinsia, jina la mnyama.

Mara ya mwisho alikuja msichana wa darasa la nne hivi, na mbwa wa kahawia aliyekonda, sikio moja limeraruka. Nikaandika yote mpaka nikafika mstari wa mwisho.

"Anaitwa nani?"

Akanyamaza. Akamtazama mbwa. "Tunamwitaga tu mbwa."

"Hapa lazima niandike jina."

Akafikiri, nyuma yake foleni inasukumana na mbwa wawili washaanza kuzozana. Akachuchumaa, akamshika mbwa lile sikio bovu, akamtazama usoni muda mrefu.

"Andika Baraka," akasema. "Baraka wa akina Wambui."

Nikaandika, nikaweka tarehe, nikampa kadi. Akaisoma mara mbili akitembea kuelekea kwa wenye sindano.